Somo la 14: Kompyuta Inapochemka Baada ya Kusasishwa

Maneno ya kujifunza kabla ya redio kufunguliwa

Prosesa: sehemu ya kompyuta inayopiga hesabu na kutimiza amri.
Kusasisha: kuondoa programu za zamani na kuweka mpya mahali pake.
Kerneli: programu iliyo chini ya programu nyingine zote, ndiyo inayogawa kazi za mashine.
Dirisha la amri: mahali pa kuandikia kompyuta amri kwa herufi, bila kugusa picha.
Kumbukumbu za mfumo: daftari ambamo kompyuta yenyewe huandika mambo yaliyotokea.

Somo lenyewe

Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Natumaini mmekwisha kaa sawasawa, na kila mmoja anaona ukurasa huu. Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua katika kompyuta ya Linux na kuihifadhi. Leo tutajifunza jambo linalowatisha watu wengi. Kompyuta ilikuwa nzima jana. Usiku ikasasishwa. Leo asubuhi ni nzito kama gunia la mawe, feni yake inavuma, na ukiigusa ina joto. Je, imeharibika? Tufanye nini?

Nitaanza kwa kisa nilichokiona mwenyewe. Siku moja nilifika katika kituo kimoja cha elimu ya watu wazima. Nilimkuta mwalimu amesimama karibu na kompyuta, kiganja chake juu ya mashine, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Akaniambia, "Ndugu, hii imeshakufa. Tangu isasishwe jana haifanyi kazi." Fundi alikuwa amekwisha itwa. Naye alikuwa amekwisha toa shauri lake: kufuta vyote vilivyomo na kuweka mfumo upya.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya mashine ile mlikuwa na mahudhurio ya wanafunzi ya miaka mitatu na alama zao za mtihani. Hapakuwa na nakala nyingine mahali popote. Kama fundi angeshika kazi yake saa ile, wanafunzi wengi wangepoteza ushahidi wa kusoma kwao. Nikawaomba wangoje kidogo, tutazame kwanza. Mwisho wa kisa nitawaambia baadaye. Kwanza tujue mambo yenyewe.

Prosesa ni karani

Prosesa ni kama karani wa dirishani. Kila programu unayoifungua ni mtu anayekuja na haja yake. Mmoja anataka barua iandikwe, mwingine anataka picha ionyeshwe, mwingine anataka hesabu ijumlishwe. Karani huwahudumia kwa zamu, tena kwa haraka sana, hata sisi tukadhani anawahudumia wote pamoja. Prosesa nyingi za siku hizi zina makarani wawili, wanne, wanane au zaidi ndani yake.

Na kerneli je? Kerneli ni mkuu wa ofisi. Yeye ndiye anayesema, "Sasa wewe, halafu wewe." Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, katika nchi ya Ufini. Aliitoa watu waitumie na kuirekebisha bila malipo, na tangu hapo watu wengi wa nchi nyingi wameijenga pamoja naye.

Karani akiwa na kazi kidogo, hukaa ametulia na mashine hubaki baridi. Akija mtu mmoja mwenye haja zisizokwisha, karani hapumziki. Hapo umeme mwingi hutumika, joto hupanda, na feni huzunguka kwa nguvu ili kulipunguza. Basi kuvuma kwa feni si ugonjwa. Ni dalili tu kwamba kuna mtu dirishani. Kazi yetu ni kumjua mtu huyo ni nani.

Jambo la kwanza: usizime kwa nguvu

Watu wengi wakiona mashine nzito, hushika kitufe cha umeme mpaka izimike. Usifanye hivyo kabla ya kujua. Huenda kazi ya kusasisha haijakwisha. Ukiikata katikati, baadhi ya programu zitabaki nusu mpya na nusu zamani, kama nyumba iliyoezuliwa kabla bati mpya halijafika, na mvua inakuja.

Kama jambo hilo limekwisha kutokea katika mashine ya Ubuntu au Debian, ipo amri ya kumalizia kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a

Neno "sudo" maana yake unaomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Kompyuta itakuuliza neno la siri. Unapoliandika, huenda usione herufi wala nyota kwenye kioo. Usidhani kibodi imekufa. Andika mpaka mwisho, kisha bonyeza Enter.

Jambo la pili: tazama nani yuko dirishani

Fungua dirisha la amri. Katika Ubuntu, bonyeza pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Alt na T. Kisha andika neno hili lenye herufi tatu, halafu Enter:

top

Utaona orodha inayobadilika kila baada ya sekunde chache. Usiogope wingi wa tarakimu. Wewe tafuta mambo manne tu.

La kwanza ni safu yenye kichwa PID. Hiyo ni namba ya kila kazi, kama namba ya mtu katika foleni. La pili ni safu yenye kichwa USER, yaani nani aliyeianzisha kazi hiyo. La tatu ni %CPU, yaani kazi hiyo inachukua sehemu gani ya prosesa. La nne ni COMMAND, yaani jina la programu. Kazi inayokula sana huwa juu ya orodha. Ukitaka kutoka, bonyeza herufi q.

Hapa pana jambo linalowachanganya watu. Katika safu ya %CPU, 100 maana yake ni karani mmoja mzima, si ofisi nzima. Mashine yenye makarani wanne inaweza kuonyesha kazi moja inayotumia 400. Basi ukiona 120, usiseme kompyuta imekosea hesabu. Bonyeza tarakimu 1, na top itakuonyesha kila karani peke yake.

Juu kabisa utaona maneno "load average" na namba tatu. Namba hizo ni wastani wa watu waliopo dirishani na katika foleni: kwa dakika 1 iliyopita, kwa dakika 5, na kwa dakika 15. Kama mashine ina makarani wanne na namba ni 4, wote wana kazi lakini hakuna anayengoja. Ikiwa ni 12, foleni ni ndefu. Tena linganisha namba zenyewe. Ikiwa ya kwanza ni ndogo kuliko ya mwisho, foleni inapungua, nawe unaweza kunywa chai kwa utulivu. Ikiwa ya kwanza ndiyo kubwa, foleni inazidi.

Kuna tahadhari moja. Linux huhesabu pia wale wanaongoja faili litolewe kabatini, yaani katika diski. Kwa hiyo huenda foleni ni ndefu na hali karani amekaa bure. Tazama mstari wenye maneno %Cpu(s), na utafute herufi "wa". Ikiwa namba iliyo mbele yake ni kubwa, prosesa haina kosa. Inayochelewesha ni diski, na pengine imezeeka. Hapo nakili vitu vyako mahali pengine siku ileile.

Jambo la tatu: jua sababu

Chukua kalamu. Andika jina la kazi iliyo juu, jina la aliyeianzisha, na saa uliyoiona. Kisha ulize: ni sababu ipi kati ya hizi?

Sababu ya kwanza ni usafi baada ya hamali. Mtu akihamia nyumba mpya, siku ya kwanza ana kazi nyingi: kupanga vyombo, kufagia, kuhesabu vilivyofika. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Baada ya kusasishwa hutengeneza upya orodha za mafaili na za vitabu vyake vya maelezo, na pengine hujenga upya sehemu zinazoiunganisha kerneli mpya na vifaa. Ukiona jina "apt", "dpkg" au "unattended-upgr", kusasisha bado kunaendelea. Ukiona "mandb", inapanga maelezo. Ukiona "tracker-miner-f", au "localsearch" katika matoleo mapya, inasoma mafaili yako ili uweze kuyatafuta baadaye kwa neno moja. Dawa yake ni subira. Iache imewashwa, ikiwa na umeme wa kutosha, kwa saa moja au mbili.

Sababu ya pili ni mgeni asiyejua kwamba nyumba imehamishwa. Programu iliyofunguliwa kabla ya kusasisha huendelea kutumia vipande vya zamani, na hali vilivyoizunguka ni vipya. Mara nyingine huhangaika bila kufika. Dawa yake ni kuhifadhi kazi zako zote na kuiwasha mashine upya kwa njia ya kawaida.

Sababu ya tatu ni huduma inayoanguka na kuinuka. Programu mpya inaweza kuyakataa mipangilio ya zamani. Inaanza, inaanguka, inaanzishwa tena, inaanguka tena, mchana kutwa. Hilo utaliona katika kumbukumbu za mfumo kwa amri hii:

journalctl -b -p err

Amri hiyo huonyesha makosa yote tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Ukiona jina moja linarudiwa mara nyingi, umempata. Liandike pamoja na maneno yanayolifuata, umpe fundi. Fundi mwenye maneno hayo hatakuwa na haja ya kubahatisha.

Sababu ya nne ni picha. Kuchora vitu kwenye kioo ni kazi ya kifaa maalumu. Kama kerneli mpya haielewani na kifaa hicho, prosesa hulazimika kuchora yenyewe, na hiyo ni kazi nzito kwake. Fungua ukurasa wa Mipangilio unaoeleza habari za mashine. Ukiona neno "llvmpipe" mahali pa jina la kifaa cha picha, hilo ndilo lililotokea.

Sababu ya tano ni kerneli yenyewe. Ukiona jina linaloanza na "kworker" limekaa juu muda wote, hata mashine ikiwashwa upya, yawezekana kerneli mpya na kifaa fulani hawaelewani. Waliotengeneza mifumo hii walilijua jambo hilo, wakaacha mlango wa kurudia. Kwa kawaida, Ubuntu na Debian hazifuti kerneli ya zamani mara moja. Mashine inapowaka, bonyeza Esc, au katika mashine za zamani shikilia Shift, mpaka orodha itokee. Chagua mstari wenye maneno "Advanced options", halafu chagua kerneli ya namba ndogo zaidi. Mfumo ukiisha funguka, andika "uname -r" uhakikishe ni ipi inayotumika. Mashine ikitulia, basi umepata ushahidi: kosa limo katika kerneli mpya, na mashine yako ni nzima. Itumie hiyo ya zamani mpaka marekebisho yatoke.

Jambo la nne: kumwondoa mtu dirishani

Ikiwa kazi moja imekataa kuondoka na unajua ni yako, kwa mfano programu ya kusomea mtandao, unaweza kuisimamisha. Ukiwa ndani ya top, bonyeza k, andika namba yake ya PID, Enter, kisha 15, Enter. Namba 15 maana yake ni "Tafadhali funga kazi zako utoke." Iko na namba 9, ambayo ni kumtoa mtu kwa kumshika shingo, karatasi zake zikatawanyika. Tumia 9 ikiwa 15 imeshindwa tu. Na kazi usiyoijua, iliyoanzishwa na "root" yaani msimamizi, usiiguse kabla ya kuuliza.

Mtu aliyeuliza kwa nini

Pengine mmoja wenu anasema moyoni, "Kutazama namba hizi kuna faida gani? Si mashine hupona yenyewe?" Mara nyingi hupona, kweli. Lakini sikilizeni habari hii.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mhandisi mmoja jina lake Andres Freund alikuwa akipima kasi ya programu ya kuhifadhia habari iitwayo PostgreSQL. Alitaka mashine yake itulie kabisa ili vipimo visikosee. Ilikuwa ni Linux ya Debian, toleo la kujaribia mambo mapya, nayo ilikuwa imesasishwa. Akaona jambo dogo. Programu ya kuingilia mashine kutoka mbali, iitwayo SSH, ilikuwa inaitumia prosesa kupita kiasi. Hata waliobisha hodi kwa majina ya uongo na kukataliwa, kukataliwa kwao kulikula prosesa. Akapima. Kuingia, ambako kulichukua kama sehemu 3 za kumi za sekunde, sasa kulichukua 8 za kumi. Tofauti ni nusu sekunde. Ni muda wa kupepesa macho mara moja au mbili.

Wengi wangeacha. Yeye aliuliza, "Kwa nini?" Akafuata nyayo mpaka akafika kwenye programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake akakuta mlango wa siri umefichwa. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuamrisha mashine za watu wengine kutoka mbali. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, naye alikuwa amejitolea katika kazi ya programu ile kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Tarehe 29 Machi 2024 Freund aliutangazia ulimwengu. Waliokuwa wameyapokea matoleo yale katika mifumo yao wakayaondoa upesi na kurudisha ya zamani. Matoleo imara ya Linux yanayotumiwa na watu wengi, kama lile la Debian, hayakuwa yameguswa bado.

Ndugu zangu, mlango ule haukugunduliwa na askari wala na mtambo wa thamani. Uligunduliwa na mtu aliyeiona prosesa inafanya kazi isiyo na sababu, naye hakukubali kuipuuza.

Lakini msijifunze vibaya. Msiseme, "Basi tusisasishe kamwe." Masasisho ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi huyatumia. Anayeacha kusasisha ni kama anayeacha kutengeneza mlango kwa sababu fundi mmoja alikuwa mwizi. Sasisheni, ila wekeni nakala ya vitu vyenu kwanza, na baada yake tazameni.

Mwisho wa kisa chetu

Sasa turudi katika kile kituo. Tulifungua top. Juu kabisa tulikuta "tracker-miner-f", na mbele yake namba 98. Aliyeianzisha alikuwa ni mwalimu mwenyewe, yaani jina lake la kuingilia, wala si mtu mgeni. Kumbe mashine ilikuwa inasoma mafaili yote ya miaka mitatu ili kuyapanga. Namba tatu za foleni zilikuwa 1.3, 1.9 na 2.4. Niambieni, foleni ilikuwa inazidi au inapungua? Naam, inapungua.

Tukakaa, tukanywa chai. Fundi, mtu mwungwana, alikaa nasi. Haukupita muda wa saa moja, feni ikanyamaza. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio. Majina yote yalikuwemo. Jambo la kwanza tulilolifanya baada ya hapo ni kunakili daftari lile katika diski ndogo ya mkononi, na nakala ya pili ikachapwa kwa karatasi ikawekwa kabatini. Fundi naye aliandika neno "top" katika kitabu chake.

Basi kumbukeni mambo manne: usizime kwa nguvu, tazama nani yuko dirishani, jua sababu, ondoa kwa adabu. Na kabla ya yote manne, kuwa na nakala.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini si vizuri kuzima kompyuta kwa nguvu wakati inasasishwa?
2. Mashine ina makarani wawili. "Load average" inaonyesha 6.0, 3.5 na 1.2. Je, foleni inazidi au inapungua? Je, kuna wanaongoja?
3. Namba 15 na namba 9 zina tofauti gani katika kusimamisha kazi?
4. Ukiona "wa" ni kubwa, kosa liko wapi? Utafanya nini siku hiyohiyo?
5. Andres Freund aliona nini kwanza? Eleza kwa maneno yako mwenyewe, kwa sentensi tatu.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kifungue top katika kompyuta ya kituo, siku ambayo mashine ni nzima. Andikeni majina matano yaliyo juu, na namba tatu za foleni. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na mashine. Siku itakapochemka, mtakuwa na kitu cha kulinganisha nacho, maana asiyeijua hali ya afya hawezi kuutambua ugonjwa.

Juma lijalo tutajifunza jinsi ya kuweka nakala za mafaili bila kusahau hata moja. Mpaka hapo, kwaherini, na msomaji mmoja awasomee wenzake ukurasa huu mara ya pili.